Nyama Chini ya Koti

Nilifukuzwa kazi kwa neno moja, na neno hilo nusura liniue. Najua watu waliofukuzwa kwa adabu, wakaitwa ofisini, wakapewa kiti na glasi ya maji kabla ya kuambiwa waende zao. Mimi sikupewa kiti. Meneja alininyooshea kidole getini, mbele ya watu wa bodaboda na wanunuzi wa nyama, akasema mwizi, na mtu yeyote aliyeishi Kitengela anajua kinachofuata ukishaitwa hivyo hadharani.

Nilikuwa mchunaji katika machinjio yaliyo nje kidogo ya mji. Unaacha barabara ya Namanga, unafuata njia ya murram, ya changarawe nyekundu, hadi harufu ikuambie umefika. Ng'ombe walishushwa kwenye malori asubuhi, wakaingizwa mmoja mmoja kwenye kijia cha vyuma, wakigonga vyuma kwa pembe na kujinyea kwa hofu. Kuchinja kwenyewe kulikuwa kazi ya Mwislamu mmoja mkimya, na akishamaliza, mnyama alikuwa wetu. Tulimning'iniza kwa mguu wa nyuma, damu ikashuka kwenye mfereji, na kabla misuli haijaacha kurukaruka tulikuwa tumeshapasua ngozi toka shingoni hadi mkiani. Kuna siku kulabu ilikatika, ng'ombe akamwangukia mwenzetu akamvunja nyonga. Kuna siku kisu kilimponyoka mtu kikaingia pajani mwa mwingine, tukamfunga kwa aproni, tukaendelea na kazi. Niliipenda kazi hiyo. Mimi ni mtu wa hasira, na pale hasira yangu ilikuwa na mahali pa kwenda kila asubuhi.

Palikuwa na desturi pale, ya zamani kuliko meneja yeyote. Mwenye ng'ombe akiridhika na jinsi ngozi ilivyotoka, nzima bila tundu, anamkatia mchunaji kipande cha shingo. Tulikiita kipande cha kisu. Daktari wa nyama alikuwa ameshamkagua mnyama na kumpiga muhuri wa wino wa zambarau, kwa hivyo hakukuwa na maneno. Ulikifunga kwenye karatasi, ukatoka nacho getini mchana, ukaenda zako. Hakuna aliyekiandika popote, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajui.

Sasa lazima nieleze jambo lingine, na watu wa mjini wataguna. Mimi ni Mmaasai, na miaka hiyo nilikuwa morani. Usimfikirie yule wa kwenye kalenda. Nilivaa jinzi, nilikuwa na simu yenye ufa kwenye kioo, na nilikodi chumba cha mabati nyuma ya kanisa. Miiko mingi ya rika letu nilikuwa nimeshaivunja, mingine bila hata kujua. Mmoja niliushika, kwa sababu niliuapia pamoja na wenzangu tukiwa porini tunakula nyama ya urika wetu. Morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Nyama ya kazini haikuhusika, hiyo ilikuwa mali ya watu, aione anayetaka. Lakini kipande kikishakuwa changu, cha kuliwa na mimi na wenzangu, mwiko ulianzia hapo. Mwanamke mwenye mume akikiona, basi ni chakula cha mbwa.

Kwa muda mrefu hilo halikunisumbua, maana getini alikaa mzee mmoja aliyekuwa akibonyeza kifurushi kwa kidole na kusema pita. Kisha meneja mpya akaja. Alitoka kwenye kiwanda cha ndoo za plastiki, na wenye mali walikuwa wamemwambia kwamba nyama inavuja. Ndoo hazivuji, nadhani ndiyo maana walimchagua. Alimhamisha yule mzee kwenye maghala ya ngozi, akaleta soja mwanamke, mama mnene wa makamo aliyetoka Murang'a na familia yake miaka mingi iliyopita, mwimbaji wa kwaya, pete ya ndoa imezama kidoleni haitoki tena. Alipewa koti refu la kahawia, filimbi na amri ya kufungua kila mfuko.

Siku ile nilimchuna fahali mkubwa mwekundu wa mzee mmoja wa Bissil, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akija kwetu tangu machinjio yafunguliwe. Ngozi ilitoka safi. Mzee aliipapasa, akatema mate kidogo kunibariki, akanikatia shingo kwa mkono wake. Nilipofika karibu na geti nikamwona yule mama amefungua mfuko wa mwenzangu, anauchungulia hadi chini. Nikasimama. Nikatoa kile kipande kwenye mfuko, nikakisukuma chini ya koti, kwapani, nikafunga zipu hadi shingoni.

Kwangu hiyo ilikuwa heshima. Sikutaka kumkosea yeye wala wenzangu waliokuwa wakinisubiri na moto. Kwa mtu mwingine yeyote aliyekuwa akinitazama, nilikuwa mtu anayeficha nyama. Na meneja alikuwa akinitazama, amesimama nyuma ya kibanda cha soja.

"Uko na nini hapo ndani?" akaniuliza.

Ningesema nyama, mama angesema nionyeshe, maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Nikasema, "Ni kitu yangu tu."

Alinishika kola akavuta. Zipu ikapasuka, kipande kikaanguka mavumbini kati ya viatu vya yule mama, naye akakiona vizuri kabisa. Wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa kwamba chakula cha leo kimeharibika. Sikuwa hata nimefikiria kazi. Meneja akanisukuma nje ya geti kwa mikono miwili, akaniambia kazi yangu imeisha, nisirudi, kisha akapaza sauti ili somo liwafikie wote waliokuwa nje. Mwizi huyo.

Pigo la kwanza lilikuwa la helmeti nyekundu ya bodaboda, na lilinipata taya la kushoto. Nilisikia likivunjika, sauti ya mfupa ninayoijua vizuri kwa sababu ya kazi yangu. Sikuanguka mara moja. Nilimpiga aliyekuwa mbele yangu nikamvunja pua, nikamng'ata mwingine mkono hadi nikaonja damu, na hiyo ikawapa sababu ambayo hawakuwa nayo mwanzoni. Wakanivua shati, wakanivua suruali. Mtu alikuwa na chuma cha jeki. Mtu alikuwa na jiwe la ujenzi, na alikuwa akinipiga nalo mbavuni bila haraka, anapumzika, anapiga tena. Watu hao nilikuwa nawajua. Mmoja nilikuwa nikinunua chapati kwa dada yake. Nilimwita kwa jina, naye akanipiga teke la mdomo nisilitaje tena.

Nikasikia mtu anauliza tairi liko wapi, kwa sauti ya kawaida tu. Wakati huo korongo mmoja, wale ndege wakubwa wa vipara wanaokaa juu ya ukuta wa machinjio, alishuka akachukua kipande changu cha shingo akaenda nacho. Niliona kwa jicho moja. Kila mtu alikuwa na shughuli nyingine.

Aliyeniokoa ni yule mama. Alitoka getini akipuliza filimbi masikioni mwa watu, na walipokosa kusikia akawapita kwa mabega, akalala juu yangu na koti lake lote refu. Alikuwa mzito, na mbavu zangu zilizovunjika zilipiga kelele kwa ajili yangu. Jiwe lililokuwa langu likampata yeye mgongoni. "Mkimtaka huyu," akasema, "mnianzie mimi." Hakupiga mayowe. Nilikuwa nikimtapikia damu kifuani, naye akabaki hapo hapo akiomba kwa Kikuyu hadi gari la polisi likafika na kila mtu akakumbuka ana kazi mahali pengine.

Hospitalini taya lilifungwa kwa waya. Magego ya kushoto yalitoka, na sikio la upande huo halijawahi kupona sawasawa. Polisi waliambiwa na kampuni kwamba hawana haja ya kunishtaki, kunifukuza kunatosha. Watu waliona hiyo ni huruma. Mimi niliona ni ujanja, maana ningeshtakiwa ningeulizwa swali, na hakuna aliyetaka nijibu. Nilitoka hospitali nikiwa mwizi ambaye hajaambiwa aliiba nini kwa nani. Dukani kwa jirani, mama aliyekuwa akinikopesha unga alianza kuuza akiwa nyuma ya wavu. Mchungaji wa lile kanisa, mwenye plot niliyopanga, alinikumbusha kwa upole kwamba kuna watoto pale. Mama yangu mzazi alikuja toka nyumbani, akanikalia kitandani, akaniuliza mara moja tu kama nilichukua. Nilitikisa kichwa, akaniamini, na hilo liliniuma kuliko waya, kwa sababu alikuwa amelazimika kuuliza.

Wenzangu wa rika hawakuuliza kitu. Walikuja na rungu. Kiongozi wetu, tuliyetahiriwa naye siku moja, alisema meneja hupita kila asubuhi kwenye korongo kavu kabla ya machinjio, mahali gari lazima lipunguze mwendo hadi litambae. Nilitaka. Nilitaka kwa mwili mzima. Nilikuwa nikilala nikiota sauti ya taya lake.

Tukamngoja pale jua likiwa limeshapanda, tumekaa kwenye mawe wazi, hatukujificha. Gari lilipoinamia korongo, kiongozi wetu akapasua kioo cha mbele kwa pigo moja, mwingine akafungua mlango akamtoa meneja kwa tai. Alianguka kwa magoti kwenye vioo. Nikamshika kichwa, nikainua rungu, na pale pale akafungua mdomo. Nilijua anachotaka kuita. Kulikuwa na watu wa mawe ng'ambo, wachimbaji, na wangekuja wakikimbia. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Nikausikia mkononi, meno, ulimi, mate ya moto.

Hapo ndipo nilipoelewa ninataka nini. Kulikuwa na mdomo mmoja tu duniani uliosema mimi ni mwizi, na ni huo huo tu ungeweza kusema mimi si mwizi na watu wakasikia. Nikiuvunja, nitabaki na lile neno hadi nife. Mdomo huo niliuhitaji mzima.

Nikamwachia. Nilimpiga teke la tumbo kwanza, sitadanganya, kisha nikamwachia. Kiongozi wetu alinitazama kwa aibu ya kweli.

"Ero, kijana, umeogopa?" akaniuliza.

"Nataka aongee," nikamjibu kupitia waya za meno. "Akiwa na meno yake."

Hakunielewa. Alinisindikiza hadi barabarani, akaondoka bila kuniaga, na ilichukua muda mrefu tuweze kula pamoja tena.

Sasa nikaanza kuzunguka kwenye maofisi na taya langu la waya, mtu anayeongea bila kufungua kinywa. Mjumbe wa chama cha wafanyakazi aliniambia chama kinasimamia wanachama, na sisi wachunaji wa kulipwa kwa kila ng'ombe hatukuwahi kujiandikisha. Alisema kweli, na alisema akiwa anakula, jambo lililonikera. Wakili wa ghorofani, juu ya duka la viatu, alisema kesi ni nzuri, iende mahakama ya kazi, tudai fidia. Nikamuuliza kama mahakama inaweza kumleta meneja getini aseme maneno. Akasema mahakama inaweza kuniamuru nirudishwe kazini au nilipwe, maneno ni jambo lingine. Aliongeza kwamba nisikae sana kwa sababu madai kama haya yana muda wake, ukipita umepita. Mtu wa tatu, fundi wa pikipiki aliyewahi kufukuzwa kwingine, ndiye aliyeniambia niende ofisi ya leba Kajiado kabla ya yote, kwani pale husikiliza bure na huita pande zote mbili.

Nikaenda Kajiado. Ofisa wa kazi alikuwa na mafua, anapenga kila baada ya sentensi, na alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza hata mara moja. Aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Uliambiwa kosa lako kwa lugha unayoielewa? Ulipewa nafasi ya kujibu? Mwenzako wa kazi alikuwa kando yako ukijibu? Nikamwambia wenzangu wa kazi walikuwa ndani na waliokuwa kando yangu walikuwa na mawe. Akaandika. Akasema hata kama ningekuwa nimeiba nyundo mchana kweupe, sheria inataka nisikilizwe kwanza, na kulipwa kwa kila ng'ombe hakunitoi kwenye sheria hiyo.

"Unataka nini?" akaniuliza mwishoni. "Kazi? Fidia?"

"Nataka aseme pale alisema," nikamwambia. "Getini. Kwa hao watu."

Alipenga kamasi, akafikiri. Akasema hana kifungu cha hivyo. Lakini kwenye usuluhishi watu wanaweza kukubaliana jambo lolote lililo halali, na wasipokubaliana mlango wa mahakama uko wazi. Angewaita. Akaniambia nilete mtu aliyeona.

Sikuwa na uso wa kumwomba yule mama. Alikuja mwenyewe. Meneja alikuwa amemwambia akienda Kajiado asijisumbue kurudi, naye akapanda gari la Kajiado akiwa amevaa lile koti la kahawia, doa la damu yangu limebaki rangi ya chai kifuani. Ofisa alipoambiwa habari ya hicho kitisho, alimgeukia meneja akamweleza kwamba kumfukuza mtu kwa kuja kusema alichoona ni kosa lingine jipya, afikirie vizuri kama anataka mawili.

Tulikaa kwenye meza moja ya mbao, na mzee wa Bissil, niliyemwomba aje, alikuwa kando yangu. Meneja alikuwa na makovu madogo ya vioo magotini, najua kwa jinsi alivyokaa, na mara moja akaleta habari ya korongo. Nilivunjiwa gari, akasema, mtu kama huyu unamrudishaje kazini? Nilijua nimejichimbia shimo mwenyewe. Ofisa akamuuliza ni lini. Meneja akasema. Ofisa akamwambia aende polisi na hilo, ni haki yake, lakini sababu ya kumfukuza mtu ni ile uliyokuwa nayo siku unamfukuza, na siku hiyo gari lako lilikuwa zima. Meneja hakuwahi kwenda polisi. Nadhani hakutaka kueleza kwa nini nilikuwa na hasira naye.

Mzee wa Bissil akasema nyama ilikuwa yake, akampa amtakaye, na tangu lini mtu akaulizwa na mwenye ndoo jinsi ya kugawa ng'ombe wake. Meneja akasema sawa, kama ilikuwa yake kwa nini aliificha. Wote wakanigeukia. Hilo ndilo swali lililokuwa limekaa katikati ya mambo yote tangu mwanzo, na nililiogopa kuliko chuma cha jeki, kwa sababu yule mama alikuwa mbele yangu.

Nilieleza nikiangalia meza. Morani, nyama, mwanamke mwenye mume. Nilisema sikuificha kwa kampuni, niliificha kwa macho yake. Nilisema ningekuwa nimemwona yule mzee wa zamani getini ningeinua kifurushi juu ya kichwa.

Kisha yule mama akaongea.

"Wewe kijana," akasema. "Mimi nimekulalia hapo chini ukiwa uchi, ukinitapikia damu kwa kifua. Kila kitu yako nimeona. Na kumbe ni nyama ulikuwa unanificha?"

Alianza kucheka, kicheko cha tumbo, koti lote likitikisika, na katikati ya kicheko macho yakamjaa maji. Mimi pia nililia. Taya linauma ukilia na waya, heri yule asiyejua. Mzee wa Bissil alitazama dirishani.

"Hii kitu mtu angeniambia," meneja akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wewe ndiye ungeuliza," ofisa akamjibu. "Kwa ofisi, mlango umefungwa, kabla hujaita barabara yote ikusaidie."

Wenye mali hawakutaka mahakama, kwa hivyo walikubali upesi. Ningerudi kazini. Na meneja angesimama getini saa ya wanunuzi, aseme.

Siku yenyewe alikuja na shati jeupe na miwani yake. Watu walikuwa wamejaa, maana habari ilishatembea, na wote waliokuwepo siku ile walikuwepo tena, isipokuwa wa chuma cha jeki. Yule wa helmeti nyekundu alikuwa ameegemea pikipiki yake mbele kabisa. Nilisimama kando na rungu langu, wenzangu wa rika nyuma yangu wakiwa wameninunia.

"Huyu kijana si mwizi," meneja akasema. "Nyama ilikuwa yake. Ni mimi nilikosea."

Alisema kwa sauti ya kutosha. Maneno niliyoyangoja kwa miezi yaliingia kwenye sikio langu moja zima, na nilijaa furaha. Ilidumu muda wa kuvuta pumzi.

"Kwa hivyo tulipiga mtu bure?" mtu akauliza.

"Huyu ndiye alituambia," akasema mwingine.

Niliona inavyokuja. Hawakuniangalia mimi hata kidogo, hakuna aliyeniambia pole. Walikuwa wakimwangalia yeye, na walikuwa na nyuso zile zile. Helmeti nyekundu ikapaa, ikampata shavuni. Shati jeupe likapasuka. Alianguka, na wakamfunika, na nikasikia tena lile jiwe likifanya kazi bila haraka.

Ilinipendeza. Nasema wazi. Nilisimama pale nikihesabu mapigo kwa ladha. Kisha kati ya miguu yao nikaona mkono wake unapapasa mavumbi, unatafuta miwani, na mtu akaukanyaga huku akicheka, na hasira yangu yote ikahama mwenyewe. Watu hawa hawakuwa wamesikia lolote. Walikuwa wameletewa mtu mara ya pili, nao wakampokea vivyo hivyo.

Niliingia kwa rungu. Nilimpiga mwenye helmeti kiwiko hadi mkono ukaning'inia. Nilimpiga wa jiwe mgongoni, nikampiga kaka wa muuza chapati mdomoni pale aliponipiga mimi, na wenzangu wa rika, ambao hawakuelewa kwa nini ila walielewa vita, wakaingia nyuma yangu. Mama alikuwa akipuliza filimbi. Mimi na yeye tukamburuta meneja ndani kwa mikono, mguu wake mmoja umegeukia upande usiofaa, tukafunga geti, na mawe yakaendelea kugonga mabati kwa muda.

Meneja alilala kwenye sakafu ya kibanda cha soja akinitazama. Nilimwambia simpendi. Akasema anajua. Mguu wake ulipopona alirudi kwenye mambo ya plastiki, na sijamwona tena.

Nilirudi kazini. Ng'ombe wa kwanza niliyemchuna alikuwa wa yule mzee wa Bissil, ambaye alikuwa amempanga makusudi. Ngozi haikutoka vizuri, mikono ilikuwa imesahau, nilitoboa mahali pawili. Mzee akaipapasa, akajifanya haoni vizuri, akanikatia shingo. Nyama ya shingo ni ngumu, inataka magego, na mimi upande wa kushoto sina. Niliifunga kwenye karatasi hata hivyo.

Nilipofika getini sikuificha. Niliibeba mkononi, mbele yangu, na sikuwa nimeamua nitafanya nini akiniambia fungua. Ilikuwa kazi yake kuniambia.

Mama aliniona nikija. Aliinuka kwenye kiti chake, akaniangalia usoni, akaangalia wanunuzi na watu wa bodaboda waliokuwa nje wakitutazama. Kisha akanipa mgongo, akasimama akiangalia ukuta, mikono ameikunja juu ya koti.

"Uko na nini?" akauliza ukuta.

"Niko na nyama, mama."

"Haya," akasema. "Pita."